Kona ya Juu, Upande wa Kulia

Siku ya kuniaga nilipostaafu walinipa mablanketi mawili, thamosi moja na hotuba saba. Kati ya hotuba hizo, sita zilitaja vikombe tulivyoshinda kwenye mashindano, na ya saba ilikosea jina langu. Hakuna aliyetaja uma wa sauti wala chaki. Kwa hiyo ninyi mnaofundisha kwaya sasa, kuanzia Migori mpaka Homa Bay, nimeamua kuwaandikia mwenyewe kabla hasira hazijapoa. Zikipoa huwa naandika vizuri zaidi, lakini nasema uongo mwingi.

Mimi ni mzaliwa wa Migori, ila shule yangu ya kwanza ilikuwa Lambwe. Nilifika na cheti kipya, viatu vya kisigino na kitabu kinene cha nadharia ya muziki. Mbung'o wa Lambwe hawakuheshimu hata kimoja. Chumba cha muziki kilikuwa ghala la mahindi. Niliwakuta wanafunzi wamekaa juu ya magunia, na mbele yao amesimama mwalimu mwembamba aliyevaa sweta la kijivu, kimya, kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya.

"Madam, unasikia?" aliniuliza.

"Sisikii kitu, Mwalimu."

"Basi umesikia vizuri. Wimbo unaanzia hapo. Usikubali kwaya ianze kabla hawajafika hapo."

Huyo ndiye Mwalimu Elisha Ogweno, mtu wa Rodi Kopany. Chuo kilinifundisha maneno, yeye akanifundisha kazi. Ndiye aliyenionyesha kwamba uma wa sauti, kile chuma cha kutolea noti ya kuanzia, unagongwa kwenye goti. Anayeugonga mezani huharibu uma na meza pia. Alinionyesha namna ya kuchora ngazi ya solfa ukutani, do chini, do juu, na kuwapandisha watoto kwa kijiti bila kusema neno. Alinionya kuhusu besi. "Besi ni watu wazuri," alisema, "lakini wote wanaamini kwamba wimbo ni wao." Miaka yote niliyofundisha sijakutana na besi aliyempinga.

Kazi yangu ya pili pale ilikuwa kukata stensili. Ninyi mliozaliwa na simu mkononi hamzijui. Ilikuwa karatasi yenye nta, unaichora kwa kalamu ya chuma, halafu unaivisha mashine ya kurudufu na kuzungusha mkono mpaka bega lilie. Ukikosea noti moja, unapaka dawa nyekundu yenye harufu kali, unangoja ikauke, unachora tena. Nilikuwa na mwandiko mzuri, na mwandiko mzuri kazini ni adhabu. Kila wimbo wa kwaya ile ulipita mkononi mwangu.

Mmojawapo ulikuwa wa Mwalimu mwenyewe. Alikuwa ameoa Sindo, na siku moja ukweni aliwaona wanawake wameanika omena ufukweni, mara wingu likatokea upande wa ziwa. Akasikia jinsi walivyoitana kukusanya samaki kabla mvua haijafika. Akatunga wimbo wa sauti nne. Soprano wanaita, alto wanaitikia huku wanakunja nyavu, tena wanabishana, na besi ndio mvua. Nilipoimba mstari wa alto mara ya kwanza nilicheka kwa raha, peke yangu, pale ghalani.

Niliukata ule wimbo Ijumaa mchana, nikiwa na haraka ya kufunga wiki. Mwalimu alipozichukua nakala, alitazama juu, kona ya kulia, pale jina la mtunzi linapokaa.

"Jina liko wapi?"

"Stensili ilikuwa imeisha, Mwalimu. Nafasi haikutosha."

Akazigeuza zile karatasi, akazigeuza tena. "Haya. Mwaka ujao."

Mwaka ujao ulipofika tulinakili kutoka nakala ileile. Shule jirani wakanakili kutoka kwetu, na wengine kutoka kwao. Wimbo ulikuwa mtamu, ukatembea. Ulifika Sindo kwenyewe ukarudi umeongezewa ngoma. Haikupita miaka mingi nikausikia kwenye mashindano, kundi la nyimbo za kienyeji, na kijana mmoja anaueleza kwamba umerithiwa kutoka kwa mababu. Mwalimu alikuwa ameketi kando yangu. Alipiga makofi na wengine, polepole.

Alipofariki tulimzika Rodi Kopany. Ilikuja kwaya kubwa, sare mpya, wakaimba wimbo wa omena kwa kuwa marehemu alipenda muziki. Mshereheshaji akatangaza, "Huu ni wimbo wa babu zetu, hakuna anayejua ulitoka wapi." Mjane aliinua kichwa, akanitazama mimi moja kwa moja. Mimi nikatazama viatu vyangu. Nilijiambia kwamba msibani si mahali pa kubishana. Nani kati yetu hajawahi kuona ubishi msibani? Kwetu hata jeneza hubishaniwa. Niliogopa tu.

Niliyaweka hayo nyuma nikaendelea na kazi. Nilihamishwa, nikahamishwa tena, mwishowe nikatulia Homa Bay. Huko ndiko nilikompata Quinter Akoth, msichana wa Sindo. Wengine walikuja kujiunga na kwaya kwa ajili ya safari na soda. Akoth alikuja na daftari. Ndani alikuwa ameandika solfa ya mwito wa makanga wa matatu, ya kengele ya shule, ya bibi yake akimfukuza kuku. Nilimpa nakala zangu zote za zamani, zile za njano zenye matundu ya mende, ajifunze jinsi sauti nne zinavyosukana. Miongoni mwake ulikuwamo wimbo wa omena. Aliupenda kuliko yote, akaniuliza ni wa nani. Nilikuwa nasahihisha mitihani. Nikamjibu bila kuinua macho, "Huo ni wa zamani tu."

Angalieni sana majibu mnayotoa mkiwa mnasahihisha mitihani.

Akoth alimaliza shule, akawa msichana mzima mwenye kazi ya kufundisha watoto wadogo na ndoto ya kwenda chuo cha muziki. Basi mwaka wangu wa mwisho kazini ikaundwa kamati mjini kuandaa konsati kubwa. Nusu ya kwanza ingekuwa rekwiemu, yaani misa ya wafu ya Kilatini iliyotungwa na Mzungu mmoja maarufu, marehemu wa siku nyingi. Nusu ya pili ingekuwa nyimbo mpya za vijana watatu wa huku kwetu. Nilipewa kwaya niifundishe. Kati ya vijana watatu, Akoth alikuwa mmoja. Kile chuo kilikuwa kimemwandikia kwamba wangemfikiria iwapo angeleta uthibitisho wa kazi yake kuimbwa hadharani, yaani programu ya konsati iliyochapishwa jina lake kama mtunzi. Kwake siku ile ilikuwa mlango, na hakuwa na mwingine.

Mazoezi yalikuwa Jumatano na Alhamisi, kwa sababu Jumamosi ni ya Waadventista na Jumapili ni ya Wakatoliki, na nilikuwa na wote. Kilatini hakikutusumbua. Vokali zake ziko wazi kama za Kiswahili, kwa hiyo msiwaogope watakaowaambia eti ni kigumu. Kilichotusumbua ni marehemu. Tenori wangu wawili, Waadventista, walisema wafu wamelala na hawaombewi. Halafu akainuka Mama Penina, muuza samaki wa sokoni, alto ambaye hasomi solfa hata moja lakini akisikia mstari mara mbili haumtoki mpaka kiama.

"Mwalimu, hii maombolezo ni ya nani?"

"Ni ya wafu wote, Mama."

"Wafu wote ni nani? Kwetu hatulii hewa. Ukilia bila kutaja jina, ni kama unaita kifo ije ichague yenyewe. Mimi siimbi."

Wanawake wote wa alto wakaweka karatasi chini. Nilitaka kukasirika, nikakumbuka matanga yote niliyohudhuria tangu utotoni. Ni kweli, sijapata kumsikia Mjaluo akimlilia mtu asiye na jina. Anatajwa yeye, baba yake, ng'ombe wake, hata mbio alizowahi kushinda. Tukaelewana kwamba kabla ya kila zoezi, kila mwimbaji angetaja jina la marehemu wake mmoja, kwa sauti. Tenori wangu wakasema kutaja si kuombea, wakakubali. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Elisha Ogweno." Mama Penina akaitikia kwa kichwa. Kwaya ile iliimba rekwiemu tangu siku hiyo kama watu wanaojua wanamzika nani.

Konsati ilikuwa Jumapili alasiri. Alhamisi iliyotangulia, programu zikafika kutoka kwa mchapaji wa Migori, karatasi nzuri, inang'aa. Nikafungua. Mzungu wa rekwiemu alikuwa na majina yake yote, mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufa, na aya nzima kuhusu maradhi yake. Wale vijana wawili waliotunga kwa Kiingereza walikuwa na majina yao. Chini kabisa, kwenye wimbo wa Akoth, palichapwa hivi: *Wimbo wa kienyeji wa Waluo. Mtunzi hajulikani.*

Hajulikani! Miezi minne alikuwa anakuja mazoezini, anakaa kiti cha mbele, anabadilisha noti na penseli sikioni.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kamati, dukani kwake. Namwita Mwenyekiti tu, maana hata akipokea simu hujitaja hivyo.

"Madam, hiyo wimbo si iko na Dholuo?" alisema. "Iko na ngoma, iko na makofi. Sasa hiyo si ni ya kienyeji?"

"Imetungwa na Quinter Akoth. Umemwona. Umemsalimia."

"Lakini hapo katikati kuna ule wimbo ya omena. Hiyo kila mtu anajua. Hata nyanyangu alikuwa anaimba. Mtu hawezi chukua kitu ya mababu aweke jina yake. Huo si wizi?"

Nilifungua mdomo nimrarue, nikaufunga. Alikuwa amesema kweli kuhusu jambo moja. Katikati ya wimbo wake, Akoth alikuwa amewaweka wale wanawake wa omena, mistari minane, kama salamu kwa kijiji chake. Aliwachukua akiamini ni mali ya wote, kwa sababu mimi nilimwambia ni wa zamani tu. Mwenyekiti alikuwa anamnyima jina kwa kutumia kosa langu.

Nikamwambia ukweli wote. Nikamwambia kwamba nyanya yake aliuimba wimbo ule kwa sababu mimi niliuzungusha kwenye mashine, na mtunzi wake amelala Rodi Kopany. Nikamwomba achape upya, aweke majina mawili. Akatazama saa. Akasema karatasi zimeshakwisha, wageni wanatoka Nairobi, na isitoshe watu hawaji konsati kusoma. Nikamuuliza kama watu hawasomi, mbona maradhi ya Mzungu yamechukua aya nzima? Akaniambia nipunguze sauti, kuna wateja.

Kumwambia Akoth kulikuwa kugumu zaidi. Tulikaa kwenye ngazi za ukumbi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akikunja programu ikawa ndogo kama kiberiti.

"Kwa hiyo Madam, mimi ndio naonekana mwizi?"

"Mwizi ni mimi, nyathina, mwanangu."

"Lakini jina langu ndio limeondolewa. Si lako." Akafuta macho kwa kiganja. "Nilikuuliza. Nilikuwa form two, nikakuuliza huu wimbo ni wa nani."

Mwalimu yeyote akiulizwa habari ya jina lilelile mara mbili maishani, na mara zote mbili akajibu uongo, anyamaze. Akoth alitaka kuuondoa wimbo wake kabisa. Nilimsihi asubiri hadi Jumapili. Sikujua ninasubirisha nini.

Jumapili ukumbi ulijaa. Kabla ya kuingia, waimbaji walitaja marehemu wao kule nyuma ya pazia, na nadhani kwa mara ya kwanza nilitaja jina la Mwalimu bila kujiona msafi. Rekwiemu ikaenda vizuri. Besi walijizuia, jambo ambalo sitalisahau. Nyimbo za wale vijana wawili zikapita, zikapigiwa makofi ya adabu. Kisha mshereheshaji akaja kwenye maikrofoni na programu yake inayong'aa.

"Na sasa, wimbo wa kienyeji, ambao mtunzi wake hajulikani."

Nikainua mikono. Kwaya ikavuta pumzi. Na katika ule ukimya, ule ambao Mwalimu Ogweno alinifundisha kuungoja, mkono ukanyooka safu ya alto.

"Aa. Simamisheni kwanza."

Nyote mnajua pakruok. Zeze la nyatiti au ngoma ya ohangla ikipigwa, msikilizaji ana haki ya kusimamisha muziki, akajisifu yeye mwenyewe na kumtaja anayemtaka, ndipo muziki uendelee. Hufanyika kwenye sherehe, kwenye vilabu, kwenye matanga. Kwenye konsati yenye Kilatini, na tena kutoka safu ya waimbaji, haijawahi kufikiriwa.

"An Penina nyar Gwassi!" Mama Penina, binti wa Gwassi, alishuka mbele na gauni lake la kwaya. "Mimi ndio samaki yangu inaisha kwanza sokoni! Mimi ndio alto haipotei hata nikilala! Na mimi nasema hii wimbo iko na mama. Mama yake ni Quinter Akoth nyar Sindo, huyo amekaa hapo na nguo ya bluu. Mtoto ya mtu haibebwi mbele ya wageni bila kutaja mama yake!"

Ukumbi ulilipuka. Mzee mmoja wa nyuma akajibu kwa kujisifu naye, ikabidi anyamazishwe na mkewe. Mwenyekiti alikuwa amesimama, anapunga mikono kama anafukuza kuku shambani. Mama Penina hakumtazama. Alinigeukia mimi.

"Na wewe, japuonj, mwalimu wetu? Huna mtu?"

Mwongozaji wa kwaya huwapa watu mgongo kazi yake yote. Ni raha kubwa, hamtaijua mpaka muikose. Niligeuka. Nikasema, "Katikati ya wimbo huu mtawasikia wanawake wa omena. Mmeambiwa ni wa mababu. Sehemu hiyo ilitungwa na Mwalimu Elisha Ogweno wa Rodi Kopany. Jina lake niliondoa mimi, kwa kalamu yangu, nikiwa Lambwe. Akoth aliniuliza, nikamdanganya. Yeye hana kosa." Kisha nikampa Akoth uma wa sauti, nikaenda kusimama na alto, na wimbo wake akauongoza mwenyewe.

Baadaye Mwenyekiti aliniambia nimeiaibisha kamati kwa ushamba. Nilimjibu kwamba aibu ilikuja kutoka Migori ikiwa imeshachapwa. Sikumwomba msamaha, na sitamwomba. Programu moja tuliikata ule mstari kwa kalamu, tukaandika majina mawili, na waimbaji wote wakatia sahihi pembeni, Mama Penina kwa herufi kubwa kuliko wote. Akoth ameipeleka chuoni pamoja na barua yangu inayoeleza kosa ni la nani. Bado hawajajibu. Kama wataona programu iliyoandikwa kwa kalamu haiwatoshi, basi nitakuwa nimemgharimu na yeye pia, na mablanketi yangu mawili hayatanipa usingizi. Akoth hunisalimia. Hajanizoea tena kama zamani.

Hili ndilo nililotaka kuwaambia, ninyi wenye mashine zinazotoa karatasi mia kwa dakika na bado mnapiga nakala za wimbo kuanzia mstari wa kwanza wa solfa, jina la mtunzi likiachwa nje. Msimwambie mtu eti nafasi haikutosha. Wiki iliyopita nilitoa ile nakala yangu ya njano, ya stensili ya Ijumaa ile, nikaiweka mezani. Kona ya juu, upande wa kulia, ilikuwa tupu. Nikachukua penseli, nikaandika *E. Ogweno*, halafu nikaandika jina lake lote, halafu Rodi Kopany. Yote yaliingia, na nafasi ikabaki.